Jasho la Shilingi Mbili

Na walimu wa fizikia sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na viwango vyao vya malipo. Mtu wa Ngara, wilaya ambayo huwezi kwenda kumwazima jirani chumvi bila kupanda au kuteremka, ndiye angestahili kutajirishwa na somo hili. Badala yake limemfanya kibarua wa bei ya chini kuliko vibarua wote duniani.

Habari hizi nimeletewa na mpwa wangu, kidato cha pili, anayekaa kwangu ili awe karibu na shule. Kijana ana bidii ya masomo, na bidii hiyo humpanda kila madumu ya maji yanapokauka. Ukimtuma, utasikia, "Mjomba, nimalizie swali hili moja." Swali hilo halijawahi kwisha, kwa hiyo kisimani naenda mwenyewe.

Bomba lipo uani, tena zuri, limepakwa rangi. Waliolileta walikuja na mbwembwe, wakachimba mtaro, wakapiga picha, wakaondoka. Tangi walilijenga kwenye bega la kilima, chini ya nyumba yangu. Mpwa akanieleza bila huruma kwamba maji husukumwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, na kila mita 10 za kwenda chini huongeza kanieneo ya paskali 100,000 hivi. Ndiyo maana wenzetu wa bondeni wakifungua koki, ndoo inataka kuwatoroka. Mimi niliye juu ya tangi nikifungua, bomba linakohoa, linatema buibui, linanyamaza.

"Mjomba, maji hayapandi yenyewe."

Hilo nalijua. Nayapandisha mimi.

Juzi nimefika na dumu la lita 20 kichwani, mdomo wake nimeuziba kwa ndizi mbichi, jasho linaingia machoni, nikamkuta kizingitini na kikokotoo.

"Shikamoo mjomba. Pole na kazi. Kutoka kisimani mpaka hapa ni kama mita 100 kwenda juu, sivyo?"

Nikaitikia kwa mguno. Akaandika: kilo 20, mara 10 ya mvutano wa dunia, mara mita 100. Jouli 20,000. Moyo ukanifurahi, elfu ishirini si haba. Akaendelea kuandika. Uniti moja ya umeme ina jouli 3,600,000, kwa hiyo ili nitoe kazi ya uniti moja itabidi nipande na dumu mara 180. Na uniti tunanunua kwa shilingi 350 na ushee.

"Kwa hiyo safari hii umefanya kazi ya shilingi mbili, mjomba."

Mbili! Kwa shilingi mbili Ngara hii hata karanga za kupimia kizibo huuziwi. Nikamwambia amesahau kitu: sikupandisha dumu peke yake, nimejipandisha na mimi mwenyewe, kilo 70. Akakubali, maana ni kijana wa haki. Jumla ikawa jouli 90,000, shilingi tisa. Hapo mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni: hizo saba za kubeba kitambi nani anakulipa?

Mpwa hakucheka, alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine. Akataka kujua nimetumia muda gani. Robo saa, nikasema. Akagawa jouli kwa sekunde 900, akapata wati 100. Kumbe kilimani nilikuwa balbu, moja ya zile za zamani za njano tulizoacha kununua kwa kuwa zinakula umeme. James Watt, yule Mskochi aliyepewa heshima ya kipimo hicho, alipotaka kuuza injini zake za mvuke alizilinganisha na farasi, na nguvu ya farasi mmoja mpaka leo inahesabiwa wati 746. Wateja wake walikuwa na farasi. Mimi wa kulinganishwa naye ni taa ya chooni.

Na bado. Akasema misuli ni mashine mbovu, robo tatu hivi ya nishati ya chakula inaishia kuwa joto. Kwa hiyo kilima kile kilinigharimu jouli 360,000 za chakula, nazo zinapatikana ndani ya ndizi moja ya kupika. Jikoni kukawa kimya, kimya cha mtu anayepunguza ndizi kwenye sufuria.

Yote haya yanasemwa dumu likiwa bado kichwani pangu, shingo inazama mabegani kama ya kobe. Nikamuuliza: na dakika hizi nilizosimama hapa nikikusikiliza, zinalipwa ngapi?

"Sifuri, mjomba. Kani ipo, lakini dumu halijasogea. Bila umbali hakuna kazi."

"Na nikitembea kutoka hapa mpaka jikoni?"

"Sifuri. Dumu unalishikilia kwa kani ya kwenda juu, wewe unakwenda kwa ubavu. Unachochoma mwilini kinatoka kama joto tu."

Fikiria basi akina mama wanaotembea na mikungu vichwani kwenda gulioni. Kila penye tambarare, fizikia inawaandikia sifuri. Wangejua, nadhani wangemshushia mtu mkungu kichwani ili aone kama na hiyo nayo ni sifuri.

Mahali pamoja tu somo hili na bibi yangu wameelewana, napo ni kwenye ngata. Kanieneo ni kani igawanywe kwa eneo. Dumu juu ya utosi mtupu linakaa kwenye sehemu ndogo na linachoma kama msumari. Viringisha majani makavu ya mgomba, uzito ni uleule, ila umetandazwa. Bibi aliyajua haya bila kufika hata darasa la kwanza, na hakuna paskali iliyopewa jina lake.

Kinyume cha ngata ni mchomoko, gari dogo la abiria, wa kutoka Biharamulo kwenda Lusahunga. Siti ya watu watatu mnakaa watano, na dereva anaapa kwamba kuna nafasi ya mama mmoja na kuku wake. Uzito wa abiria haujapungua hata gramu, lakini eneo la kukalia limebaki la nusu kalio. Mguu wangu wa kushoto uliwahi kukanyagwa na kisigino chembamba cha dada mmoja aliyekuwa anakwenda harusini. Hakuwa mnene hata kidogo, ila uzito wake wote ulikuwa umekusanyika kwenye sehemu ndogo kuliko sarafu. Afadhali ningekanyagwa na ng'ombe, ng'ombe ana kwato pana na haulizi, "Samahani kaka, nimekuumiza?"

Kinachonichoma zaidi lakini ni Rusumo. Pale mto Kagera, ukishachanganyika na Ruvubu, unajiangusha tu mpakani mwetu na Rwanda. Haubebi, haupandi, hautoki jasho. Kwa kuanguka huko umejengewa mtambo wenye mashine tatu za jumla ya megawati 80, na nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, zinagawana umeme wake sawasawa. Fungu letu linasafirishwa kwa nyaya kubwa mpaka kituo cha Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, kulekule ninakopita nimebanwa na kuku. Mpwa aligawa megawati 80 kwa wati zangu 100 akapata watu 800,000. Yaani ili kufikia maporomoko yale, karibu kila mtu wa Ngara na Biharamulo, vichanga na vikongwe wakiwemo, awe anapanda kilima na dumu usiku na mchana bila kupumzika.

Sikatai kwamba umeme huo umetufaa. Tuliozoea ngurumo za jenereta za dizeli tunajua tulikotoka. Ninachouliza ni haki gani hii. Maji yakiteremka yanapigiwa makofi na nchi tatu. Maji hayohayo nikiyarudisha mlimani, ambayo ndiyo shughuli ngumu, nalipwa shilingi mbili na ndizi moja.

Mpwa akanijibu kwa upole kwamba sheria za maumbile hazina upendeleo, mjomba, zinahesabu kilichofanyika tu. Nikamwambia vizuri, na mimi kuanzia leo nafuata sheria hizohizo. Nikamtwika dumu langu kwenye utosi wake, bila ngata, nikampa achague: ama achukue dumu tupu ateremke kisimani akafanye kazi ya jouli 20,000, ama asimame palepale mpaka magharibi bila kufanya kazi yoyote.

Hazikupita dakika mbili, akauliza dumu tupu liko wapi.