Kupimwa Mafuta ya Damu kwa Njia ya Mkato

Sogea karibu, omera. Leo nakufundisha kukwepa njaa, hesabu ndefu na macho ya majirani, na bado utoke maabara na jibu la kweli kuhusu moyo wako.

1. Kunywa chai yako. Kama kinachokuzuia ni kulala njaa kabla ya kipimo cha kolesteroli, kizuizi hicho kimeondolewa. Mwaka 2016 wataalamu wa moyo na wa maabara barani Ulaya walikubaliana kwamba watu wengi wanaweza kutolewa damu bila kufunga. Mlo wa kawaida hupandisha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, kwa takriban 0.3 mmol/L tu, na LDL, ile kolesteroli mbaya, haibadiliki sana. Kunywa chai nyumbani Awendo, panda matatu, ufike Migori na nguvu zako. Trigliseridi zikizidi 4.5, hapo ndipo urudi siku nyingine tumbo likiwa tupu.

2. Usipimwe ukiwa na malaria. Mwili unapopambana na ugonjwa mkali, kolesteroli hushuka, na utarudi nyumbani na sifa zisizo zako. Pona kwanza, ngoja wiki chache.

3. Fanya hesabu moja. Chukua kolesteroli yote, toa HDL, ile kolesteroli nzuri. Ukipata 5.8 kwa jumla na HDL ni 1.1, kinachobaki ni 4.7, na hicho ndicho kinachojipenyeza kwenye kuta za mishipa miaka nenda miaka rudi bila kukuuma popote. Mtu wa kawaida alenge chini ya 3.4. Mwenye kisukari, au aliyewahi kupata kiharusi, ashuke zaidi. Najua utatamani kutangaza HDL peke yake kwa sababu inaitwa nzuri. Usifanye hivyo, HDL kubwa haifuti LDL kubwa.

4. Jifiche kwenye umati. Hila hii naipenda kuliko zote, na ilishafanya kazi hapa hapa kwetu. Kuanzia 2013, utafiti wa SEARCH ulipeleka kambi za afya katika vijiji vya Homa Bay na Migori, ukapima VVU, presha na kisukari mahali pamoja. Jirani akikuona kwenye foleni, atajuaje umefuata nini? Kambi kama hiyo ikipita kwenu, ingia. Isipopita, mhudumu wa afya wa jamii anayetembelea boma lako mwombe akupime presha. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Jambo hili linaniuma, kwa sababu presha na kolesteroli huubomoa mshipa mmoja kwa pamoja, na kupima presha huchukua dakika chache tu.

Na kama unatumia dawa za VVU, nisikilize vizuri zaidi. Uchunguzi wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 5 Homa Bay anaishi na virusi. Wengi wao sasa wanazeeka, na moyo wao uko hatarini zaidi. Mwaka 2023 utafiti wa REPRIEVE, uliofuatilia watu 7,769 wanaoishi na VVU, Uganda ikiwemo, uligundua kwamba kidonge cha pitavastatini, mojawapo ya statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, kilipunguza mashambulizi ya moyo, kiharusi na matukio mengine makubwa ya namna hiyo kwa asilimia 35. Hawa hawakuwa wagonjwa wa moyo. Siku ya kliniki, kabla hujainuka kitini, uliza: “Daktari, na mimi nahitaji statini?”

5. Danganya sufuria, samaki usimwache. Mgongo wazi uchemshe na nyanya na vitunguu badala ya kuuzamisha kwenye mafuta. Omena ikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta ya maji. Yale ya kuganda hupandisha LDL. Mboga za osuga na dek zijaze nusu ya sahani, ugali urudi nyuma kidogo.

6. Ukipewa statini, usiache namba zikiwa nzuri. Kidonge ndicho kilichozishusha. Rudia kipimo kati ya wiki 4 na 12, na karatasi ya kwanza ipige picha kwa simu, daktari apate cha kulinganisha.