Ombi la Kuanzisha Tawi la Kwenda na Kurudi

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya elimu ya sekondari,
Kinshasa.

Mheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi zenye taadhima, na baada ya kukutakia afya njema na wasaa wa kuisoma barua hii, ambayo haina muhuri wala risiti na kwa hiyo imekosa mambo mawili yanayoipa karatasi uhai katika nchi yetu, mimi mzazi wa Niania, penye njia panda ya Kisangani, Isiro na Bunia, naomba kutoa shukrani kabla ya kutaja haja. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yaeleza kwa ufasaha kwamba makusudio ya elimu ya taifa ni kumstawisha kila mtu kwa ukamilifu, awe na manufaa kwa nafsi yake na apate nafasi yake katika jamii. Sijapata kuona maneno mazuri kuliko hayo, isipokuwa yale ya kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, kisemacho kwamba elimu ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ya bure. Nalo neno hilo la mwisho lilisafiri miaka 13 tu, hata Septemba 2019, kutoka karatasini hadi darasani. Twajua pia lilipochoka. Mtoto amalizapo darasa la sita ni raia mwenye haki. Akiingia la saba ni mdeni.

Lifuatalo nalo twalijua sote. Saa tatu ya asubuhi mwalimu wa hesabu amesimama ubaoni, chaki mkononi, pembetatu yake imekwisha kupata pande mbili na yangojea wa tatu, mara mlango unafunguliwa bila hodi na orodha inaingia. Nasema orodha, kwa kuwa aliyeishika haangaliwi na yeyote. Husomwa jina, na jina la baba, na kiasi cha minervali, yaani ada ya shule, kilichobaki, na kila aliyetajwa hukusanya madaftari yake akatoka; waliokwisha kuzoea hufunga mikoba kabla ya kutajwa. Kisha upande wa tatu wa pembetatu huchorwa mbele ya mabenchi matupu. Nami simlaumu prefe, mkuu wa shule, wala mwalimu, maana tangu miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, mfuko wa mzazi ndio uliofanywa hazina ya taifa, na wako walimu mpaka leo ambao majina yao hayajaonekana katika orodha ya mishahara, ilhali majina ya watoto wao huonekana vizuri kabisa katika orodha ile nyingine.

Maadamu, basi, wanafunzi wetu hupitisha sehemu kubwa ya mwaka barabarani, wakienda nyumbani kudai fedha ambazo hazipo na wakirudi kuarifu kwamba hazipo, naomba kwa unyenyekevu barabara hiyo itambuliwe rasmi kuwa shule, na liundwe tawi jipya la masomo, kando ya Ualimu, Biashara, na Kilatini na Falsafa, liitwalo Kwenda na Kurudi. Fizikia itafundishwa kwenye Barabara ya Taifa Namba 4, mahali lori lilipozama matopeni hadi kwenye ekseli na vijana wanalivuta kwa kamba. Hapo msuguano na wenzo hueleweka bila ubao. Biashara itasomwa mlangoni pa mnunuzi wa dhahabu, mwanafunzi apeleleze kwa nini mizani ya anayenunua na ya anayeuza hazijapata kuafikiana. Uraia mpya, ambao tangu 2024 umeingia hata katika jina la Wizara, utasomwa kwenye kila bariere, yaani kizuizi cha barabarani, ambapo mwenye kamba na mwenye bunduki hueleza kwa ufupi uhusiano wa raia na dola. Na kwa jiografia, mwanafunzi asimamishwe katikati ya njia panda, aonyeshwe njia iendayo chuo kikuu cha Kisangani, na iendayo chuo kikuu cha Bunia, kisha aonyeshwe kijia chembamba kisicho na kibao, kiendacho machimboni, ambacho hakihitaji kuonyeshwa.

Mtihani wa Serikali utakuwa na insha, kama ulivyo katika matawi mengine, nayo mada napendekeza itangazwe mapema: mtahiniwa amwombe mdai wake subira kwa kurasa mbili, bila kutumia neno kesho. Alama ya kufaulu ibaki asilimia 50, ila nusu ya alama zote itolewe kwa viatu. Aliyetoboa soli zote mbili apite kwa sifa. Sare iwe ileile, shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, kwa kuwa weupe wa shati ndio utakaomwonyesha mkaguzi umbali uliotembewa wakati wa mvua. Wakaguzi watalazimika kufuatana na wanafunzi kwa miguu, na posho yao ya safari italipwa na wazazi, jambo ambalo halitamshtua mtu. Lakini faida ya tawi hili, ipitayo faida zote, ni kwamba humo hakuna awezaye kufukuzwa. Mtoto akifukuzwa barabarani ataelekea wapi? Darasani.

Mnapomtuma msichana wa miaka 16 nje ya lango kutafuta fedha ambazo baba yake hana, mwajua nani katika mji wa dhahabu anazo mfukoni, na mwajua kwamba hatoi sadaka. Mwajua. Nanyi mna mabinti. Msitusomee habari ya kumstawisha mtu kwa ukamilifu. Mvulana yeye nyumbani hafiki. Hushika sururu, na mwaka ukipita yupo pale pale njia panda juu ya pikipiki ya mtu mwingine, akimbeba yule waliyekuwa wakikaa benchi moja na kumwita bosi. Nchi iliyoupokea uhuru mwaka 1960 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30 ndiyo iliyopaswa, kuliko nchi zote, kuona haya kumnyanyua mtoto kitini kwa sababu ya deni.

Niwie radhi, Mheshimiwa. Kalamu iliteleza, nami nairudisha katika adabu.

Haja zangu nyingine ni ndogo. Diploma za Serikali, zile halisi, zifike kabla wenyewe hawajapata wajukuu. Walimu wasiolipwa wapewe walau orodha ya kungojea orodha. Madirisha, mkipata. Na ikiwa haitazidi uwezo, wanafunzi wa sekondari wahesabiwe pamoja na okapi, yule mnyama wa porini, jirani yetu wa Epulu, ambaye ana hifadhi yake tangu 1992, nayo tangu 1996 imo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Kwa mujibu wa kanuni hakuna ruhusa ya kumfukuza mahali pake, wala hajapata kuulizwa minervali.

Nangojea jibu. Ikiwa iko ada ya kuipokea barua hii na kuigonga muhuri, tafadhali niarifiwe kiasi chake, nami nitamtoa mtoto mmoja darasani, kama bado yumo, aende nyumbani akaichukue.

Ndimi mtiifu wako,
Mzazi wa Niania