Sanduku la Chuma na Gobore la Darini

Ndugu msomaji, kama nawe ni baba mwenye nyumba, utanielewa kabla sijafika mbali. Jambo la nyumbani kwangu halianzi na mimi, lakini siku zote linaishia mikononi mwangu. Hili la bunduki alilianzisha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana ambaye nyumba nzima tunamwita Shabaha. Jina hilo alilipata siku alipolenga embe kwa manati, akapiga sufuria ya maharage ya jirani, na ikabidi nimpelekee jirani maharage mengine.

Ilikuwa Julai 2022, hapa hapa Misima. Mahindi yalikuwa yanaingia ndani, na wilaya nzima ya Handeni ilikuwa ikizungumzia wageni waliohamia Msomera kutoka Ngorongoro. Sisi tulikuwa barazani, tunakunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Shabaha akaingia na umande miguuni, macho yamemtoka.

"Shemeji, nimemwona! Nyuma ya shamba la upande wa Sindeni. Mnono, anang'aa. Tununue bunduki."

Mke wangu, Mama Zaituni, akaweka kikombe chini. Huyu mimi namwita Mama Risiti, kwa sababu hata ya kibiriti anaidai na kuitunza. Akauliza swali moja tu: "Bei gani?"

Kabla Shabaha hajajibu, Shangazi akaingilia. Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu. Alikuja kutoka Korogwe kututembelea kwa siku tatu, na mpaka asubuhi hiyo alikuwa ametimiza miezi minane. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa, akatushinda kwa kulima, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumkumbusha safari. Tunampenda sana, ila ana tabia moja: kila kitu cha thamani anakificha, kisha anasahau alikokificha. Watoto wakamwita Bibi Mafichoni, nasi wakubwa tukafuata.

"Huyo ni kulungu," Shangazi akasema. "Kaka yangu aliwapiga wengi."

"Paa," akasema mke wangu.

"Swala," akasema Shabaha, ambaye ndiye peke yake aliyemwona.

Binti yangu Zaituni, wa kidato cha tatu, tunamwita Wakili. Alikwenda kuleta kitabu. Akatueleza kwamba kulungu wa kwetu ndiye pongo, mwenye madoadoa meupe ubavuni, anayependa vichaka vizito, na paa ni mdogo zaidi. Wale wenye pembe za matawi tunaowaona kwenye filamu, ambao pembe zao huanguka na kuota upya kila mwaka, hawapo kabisa katika mapori yetu. Katika bara zima la Afrika, wenyeji wa namna hiyo wako kaskazini, huko Algeria na Tunisia. Pembe za swala, paa na pongo hazianguki. Zikishamwota mnyama, anakufa nazo.

"Kwa nini?" akauliza kitinda mimba wangu, mwenye miaka sita. Huyu ndiye Bwana Kwanini, na swali hilo lilituchukua mpaka chai ikapoa.

Nakiri, msomaji mwenzangu, moyo wangu ulikuwa umekwisha kuvutika. Nililelewa na nyama ya porini. Wazigua wa zama za baba yangu waliwinda kama walivyolima, na harufu ya nyama iliyokaushwa juu ya moshi bado ninayo puani. Tena mashamba yetu yanaliwa na nguruwe pori na ngedere kila msimu. Nikasema sawa, tuulize.

Jumamosi nikaenda Tanga mjini na Shabaha, kwa muuza silaha mwenye leseni. Mzee yule alikuwa na subira ya mwalimu. Alitufundisha kwamba bunduki ya bei nafuu kwa mkulima ni ile ya mtutu mmoja inayotumia marisau, aina ambayo watu wengi nchini wanaiita Greener, kwa jina la kiwanda cha Birmingham, Uingereza, kilichozitengeneza. Ni nzito, haina mambo mengi, na iliyotumika ikitunzwa huishi kuliko mwenyewe. Lakini marisau hutawanyika, hivyo inafaa kwa kanga na kwa mnyama aliye karibu. Mwenye kutaka kumpiga swala kutoka mbali bila kumjeruhi na kumwacha akateseke, anahitaji raifo ya risasi moja moja, na ikiwa na darubini bei inapanda. Zile kubwa kabisa, za .375 kwenda juu, ni za nyati na tembo. Hizo hatukuzigusa hata kwa macho.

Bei aliyotaja ya ile nafuu ilikuwa sawa na mahindi yetu yote ya mwaka ule na mbuzi wanne juu yake.

"Lakini ndugu zangu," akasema, "mbona mmeanza mwisho? Kibali kiko wapi?"

Tukarudi Misima bila kitu. Jioni ile Wakili akatusomea. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji awe raia, awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe na doa la uhalifu, na awe amepata mafunzo ya kutumia silaha. Shabaha alikuwa na miaka 23. Nilimwona akinyamaza, akavuta sahani, akala mihogo yote iliyobaki.

Maombi nayo hayaendi dukani, yanaanzia kijijini. Unaandika barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, wale wanaojua kama unapiga mke au unalewa. Inapanda kata, inafika polisi na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, inakwenda mkoani. Unachukuliwa alama za vidole, na lazima uonyeshe utakavyoitunza silaha isifikiwe na mtoto.

"Na ukishapata hiyo," Wakili akaendelea, "bado hujapata ruhusa ya kuwinda."

"Hee!" Shangazi akashtuka. "Na Bwana Nyama naye anataka karatasi yake?"

Anataka. Bwana Nyama ni jina la zamani la afisa wanyamapori, na Shangazi hajui lingine. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, mnyama wa porini ni mali ya umma, na kumwinda kunahitaji leseni ya peke yake, katika msimu wake na eneo lake. Usiku na tochi ni marufuku. Kupiga ukiwa ndani ya gari ni marufuku. Mitego ya waya, mashimo na sumu ni marufuku. Kukutwa na nyara za serikali bila kibali si kesi ya kuombana radhi barazani. Watu wamekwisha kuhukumiwa miaka 20 jela. Shabaha akakiri kwamba rafiki yake mmoja alimshauri pikipiki na tochi kali. Mke wangu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akampokonya tochi yake, akaiweka kabatini na kufunga.

Shangazi naye akaleta la dini: bunduki iliyopiga nguruwe pori shambani, je, inafaa kumpigia swala wa kuliwa? Tukampeleka kwa maalim. Akamjibu kwa upole kwamba bunduki haimgusi nguruwe, na kwamba la muhimu ni bismillahi kabla ya kufyatua, na ukimkuta mnyama bado hai umchinje. Shangazi akaridhika. Mimi nikapoteza nusu siku ya kazi.

Sasa sikiliza Mama Risiti alivyofanya. Alisema kama silaha inahitaji sanduku, basi lianze sanduku, kwa sababu sanduku hata bila bunduki lina kazi. Akaenda Chanika, Handeni mjini, kwa fundi wa kuchomelea, akarudi na sanduku la chuma nene lenye kufuli. Risiti akaitumbukiza humo humo. Wiki ya kwanza ikaingia sukari. Ya pili, vitenge vya Shangazi. Ya tatu, hati ya shamba, simu ya akiba, na kitambulisho changu cha NIDA ambacho nilikihitaji kwa ajili ya ile barua. Kila nikilalamika, jibu lilikuwa moja: "Baba Zaituni, bunduki ikija tutasogeza."

Ufunguo akapewa Shangazi autunze.

Hapo, msomaji, najua umeshika kichwa. Mimi pia nilishika. Ijumaa moja ya Septemba wageni walifika, sukari imefungwa, na Shangazi hakumbuki ufunguo uko wapi. Tulipekua pipa la unga. Tulipekua godoro. Bwana Kwanini alimfuata kila kuku akitaka kujua kama ameumeza. Wageni wakanywa chai kavu, wakasifu kwa adabu. Mwishowe Shabaha akapanda darini, kwa kuwa Shangazi akiwa na nguvu zake alipenda kuchomeka vitu kwenye mapaa.

Ufunguo hakuuona. Akashuka na kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia na kamba ya mkonge.

Shangazi akakaa chini palepale alipokuwa.

Lilikuwa gobore la baba yangu. Mtutu wa bomba, kitako cha mti alichochonga mwenyewe, bado kina alama ya kiganja chake. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Shangazi akatuambia kwamba siku ya arobaini alilifunga na kulipandisha, polisi wasije wakamsumbua mjane, na watoto wasije wakalichezea. Kisha miaka ikapita, akasahau. Miaka yote hiyo nimelala chini yake, na watoto wangu wakizaliwa chini yake.

Sikuwa na hasira. Nilimshika mkono Shangazi, naye akalia, na mke wangu akaja akakaa upande wa pili. Hata Bwana Kwanini hakuuliza kitu.

Wakili ndiye aliyevunja ukimya. Alikuwa amesikia redioni kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani imetoa msamaha kwa wenye silaha zisizo na kibali: Septemba na Oktoba ile ile ya 2022, anayesalimisha kwa hiari kwenye kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa hashitakiwi. Usiku ule sikulala. Alfajiri nikamwita mwenyekiti wa kijiji aje aone kabla halijatoka mlangoni, tukaenda naye kulisalimisha, Shangazi katikati yetu amevaa kanga yake mpya. Alitaka aliage mwenyewe. Askari aliandika, akatushukuru, basi. Niliporudi, miguu ilikuwa myepesi kama ya mtoto.

Sanduku tulilipeleka kwa fundi kwa mkokoteni, akalikata kufuli. Juma lililofuata ufunguo ulionekana ndani ya soli ya kiatu cha Idi cha Shangazi mwenyewe.

Bunduki hatukununua. Fedha zilikwenda kwenye kufuli jipya, ada ya Wakili, na kuwalipa vijana wa kulinda shamba wakati mahindi yanakomaa, kazi inayomfaa Shabaha kuliko shabaha. Hamu ya nyamapori nayo ina njia halali: tangu kanuni za mwaka 2020, mabucha ya nyamapori yenye kibali yanaruhusiwa nchini, nami nimejiwekea nadhiri kwamba nikilipata moja safarini nitamletea Shangazi kilo mbili. Yule mnyama wa upande wa Sindeni bado anapita. Siku hizi tunamwangalia tu, na tunabishana jina lake.

Mwenzangu unayetaka bunduki, sikukatazi. Lakini usianze na bei. Anza na umri na mafunzo yako, kisha barua ya kijiji, kisha sanduku ambalo ufunguo wake unakaa nao mwenyewe, kisha ridhaa ya mama watoto, ndipo uulize ile ndogo inayotosha kazi yako, na ukumbuke leseni ya kuwinda ni karatasi nyingine. Na kama nyumba yako ni ya urithi kama yangu, kabla ya yote hayo panda darini uangalie. Ukikuta lililofungwa kwa gunia, usilifungue na usilijaribu. Mwite mwenyekiti.