Tumchore Ndumilakuwili

Brussels wanachora wahusika wa katuni kwenye kuta za mitaa tangu 1991, na watalii wanapanda ndege kwenda kuwaona. Kiomboi nasi tuna kuta, ila zina wenyewe: huu wa kampuni ya simu, ule wa soda, na wa kinyozi una kichwa cha Mmarekani ambaye hajui hata Iramba iko upande gani wa Singida.

Si kwamba hatuna wa kwetu. Chakubanga wa Christian Gregory aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru. Lodi Lofa, Pimbi na Ndumilakuwili wakatesa kwenye jarida la Sani. Leo hawana hata ukuta wa choo cha stendi.

Mimi napendekeza tuanze na Ndumilakuwili, mkabala na ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Sina nia mbaya, rangi imebaki tu. Najua kikao kitaitishwa, posho italipwa, na mtu atauliza: "Huyu mbona kama tunamfahamu?" Mmoja atakohoa, mwingine atatazama dari. Kisha wataafikiana kwa kauli moja ukuta upakwe chokaa, uandikwe: USIKOJOE HAPA. FAINI 50,000.