Sifa za Kiboti cha Mpira

Yoti husifiwa kwa matanga yake, nahodha kwa macho yake, nanga kwa kushika. Kile kiboti cha mpira kinachoburutwa nyuma kwa kamba hakina wa kukisifu. Kinatukanwa tu, tena kwa lugha zote zinazosikika Kilifi, wageni wanapotia nanga. Basi leo niwe wakili wake.

Kwanza ukoo wake si haba. Miaka ya 1840 Peter Halkett, luteni wa jeshi la majini la Uingereza, alibuni joho la kitambaa cha mpira: ukilivaa ni vazi, ukilijaza upepo ni chombo. Wakubwa zake hawakuona faida yake, lakini mpelelezi John Rae alikwenda Aktiki na kiboti cha Halkett. Mwaka 1952 Mfaransa Alain Bombard akatoka visiwa vya Kanari hadi Barbados peke yake katika chombo cha mpira, siku 65. Mtoto wa ukoo uliovuka Atlantiki, na bado anakubali kufungwa kamba puani!

Eti kinapunguza mwendo. Ni kweli, yoti ya noti 5 inaweza kupoteza nusu noti, na zaidi kikijaa maji. Lakini nani atokaye Tanga kwenda Mkoani kwa tanga kwa kuwa ana haraka? Mwenye haraka alishapanda ndege.

Kipaji chake hasa kiko katika kudai mahali pake. Kila yoti huacha mawimbi nyuma yake, la kwanza, la pili, la tatu. Kamba ikikosea kipimo, kiboti hukwama nyuma ya wimbi kama mbuzi aliyegoma njiani, na kamba hukaza hadi inalia. Ongeza kidogo, punguza kidogo, mpaka kikae kwenye mteremko wa mbele wa wimbi. Hapo huteleza chenyewe na kamba ikalegea. Umeketi? Upepo umezidi, mwendo umebadilika, wimbi limehama. Rudi tezi. Tunasema sisi ndio tunaokiburuta, ila anayeinuka kila akiitwa ni nahodha.

Na kusi likiwa mgongoni, kiboti hupanda wimbi na kuja kukugonga tezi kwa pua. Wasiojua huliita hilo ajali. Ni salamu.

Kikiwa kitupu na upepo wa ghafla ukakidaka, hupaa na kugeuka tumbo juu, lile tumbo lililoota mwani, likaanikwa bila mtu kuagizwa. Kama uliiacha mashine imefungwa nyuma yake, nayo itaogeshwa, ila hilo ni lako: ulishaambiwa mashine, makasia na kopo la kukumbia maji vipandishwe yotini kabla ya kung'oa nanga. Pete zake zilizogundishwa huachia kwa jua la pwani, ndiyo maana wenye busara hukivuta kwa kamba mbili, kila moja na pete yake. Wengine hununua kingine.

Ukifika, ukarudi nyuma kidogo ili nanga izame, kamba uliyosahau kuifupisha hujizungusha kwenye rafadha. Wako wanaotumia kamba inayoelea, wakajinyima nafasi hii. Wenzao huzama na kisu, wakaliona tumbo la chombo chao, kazi waliyokuwa wakiiahirisha tangu mwaka jana.

Usiku ndio zamu yake. Mkondo ukigeuka na upepo ukabaki pale pale, yoti huelekea huku, kiboti kikaja kule, kikaanza kupiga ubavu: pa, pa, pa, sentimita chache kutoka mto wako wa kulalia. Mlinzi gani wa mshahara hukaa macho namna hiyo? Mabaharia wa zamani hufunga ndoo nyuma ya kiboti na kuizamisha, mkondo ukaivuta, kiboti kikakaa mbali hadi asubuhi. Dawa hiyo inafanya kazi, sikatai. Naona tu ni ukatili kumnyamazisha mlinzi kwa ndoo.