Mwewe, Manati na Maji Moto ya Jirani

Mwewe wa Kitengela hana haraka. Hukaa juu ya nguzo ya stima akiwakagua vifaranga kama mteja anayechagua nyanya, halafu hushuka mara moja, na mama kuku anapomaliza kupiga kelele, hesabu imeshapungua. Baba Watoto aliponunua kuku wa kienyeji alituahidi kwamba mayai yatalipa stima. Mwezi haukuisha kabla hatujajua tunamfugia nani.

Ndipo shemeji akaja. Huyu aliishi Tabora miaka mingi, akarudi na ndevu na hadithi za magobore. Jioni ya kwanza, chai haijapoa, alikuwa ameshachora nyuma ya daftari la mtoto bastola ya bomba la maji, ya kushindiliwa baruti mdomoni. "Taabu ya gobore ni shabaha tu, kaka," akasema. "Hupiga linakotaka lenyewe. Tukiirekebisha hapo, mwewe ataomba kuhama." Nikamtazama mume wangu. Macho yalikuwa yanamng'aa, na mimi macho hayo nayajua. Ndiyo yaliyotuletea mashine ya kuangulia mayai ambayo sasa tunawekea viatu.

Nikaweka kikombe chini. Niliwauliza kama wamesahau Novemba 2016, hapo Ngong, ndani ya kaunti yetu hii hii ya Kajiado, serikali ilipozitia moto silaha haramu zaidi ya 5,000. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haiulizi kama ulimlenga mwewe au benki. Kuunda bunduki bila leseni ni kosa, basi. "Na bomba likikupasukia mkononi, shemeji, nani atakupeleka hospitali? Gari halina mafuta." Sheria waliisikiliza kwa adabu. Ya mafuta ndiyo iliyowaingia.

Wakashuka hadi kwenye manati. Lakini neno shabaha lilikuwa limeshaingia nyumbani, na halikutoka. Shemeji alitafuta panda ya mpera mpaka ikatoka Loitokitok, kwa kuwa miti ya hapa, alisema, haina nidhamu. Baba Watoto alienda Kajiado mjini kwa fundi wa viatu kutafuta kipande cha ngozi laini ya mbuzi cha kushikia jiwe, akarudi jioni na ngozi, nyama choma na maelezo marefu. Mpira ulikatwa kwenye tyubu ya baiskeli ya mtoto, ambaye hakuulizwa.

Mawe yalikwenda kila upande isipokuwa kwenye kopo lililowekwa juu ya kigingi. Nyuma ya kopo walikuwa wametundika leso yangu ili kuzuia mawe. Leso nzima, ya jozi, niliyoletewa kutoka Mombasa.

Binti yetu wa kidato cha tatu aliwatazama kwa muda, kisha akaamua kuwasaidia, jambo ambalo mpaka leo sijamsamehe. Alisema gobore na manati zinaugua ugonjwa mmoja. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins aliandika kitabu kuhusu mizinga na bunduki, akaeleza kwamba risasi ya duara iliyolegea ndani ya bomba laini hugongagonga kuta na kutoka ikijizungusha ovyo, na kule kujizungusha ndani ya hewa ndiko kunakoipeleka kombo. Bomba likichongwa mifereji ya kupinda ndani, risasi huzunguka kwa mpango na kushika njia. "Sasa Baba, jiwe lenye kona litashika njia gani?"

Akawapimia mipira miwili kwa rula ya shule. Mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na ndio uliokuwa ukivuta kila jiwe kushoto. Akamfundisha baba yake kuvuta hadi kwenye shavu, mahali pale pale kila mara. Kisha wakafinyanga vidonge vya udongo mweusi wa ploti, vyote saizi moja, wakavianika juu ya mabati. Aliyejenga Kitengela angewaambia: udongo huu hufura kwa mvua na kujikunyata kwa jua, hata nyumba huzipasua. Kufikia adhuhuri vidonge vyote vilikuwa na nyufa. Hapo mtoto wetu mdogo akaombwa gololi zake. Aliziuza, hakuzitoa bure.

Gololi ilikuwa jambo jingine kabisa. Kopo lilianza kulia: ting, ting. Shemeji alipiga magoti akamshukuru Mungu.

Jumapili mwewe akashuka. Baba Watoto alisimama vizuri, akavuta hadi shavuni, akaachia. Lakini kopo halina mabawa. Gololi ilipita pale mwewe alipokuwa, ikanyooka bila kupinda hata kidogo, ikaenda kutua juu ya paa la jirani, kwenye mirija ya kioo ya sola ya kuchemsha maji. Tulisikia mlio mfupi, pwaa, halafu maji. Sola za namna hiyo, mrija mmoja ukivunjika, maji yote ya tangi hutokea hapo hapo. Na maji yenyewe yalikuwa ya boza, kwa sababu ya kisima chetu yana chumvi.

Jirani ni mzee wa Kimaasai wa maneno machache. Hakupiga kelele. Aliketi, akaomba chai, akatukumbusha kijana Richard Turere, wa huku huku Kitengela, kandokando ya mbuga ya Nairobi. Alikuwa na miaka 11 hivi simba walipowamaliza ng'ombe wa kwao. Alijaribu moto, akajaribu sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Mwishowe akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akazungushia boma taa za kuwaka na kuzima zamu kwa zamu. Simba wakadhani kuna mtu anayetembea na tochi. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kuieleza kazi hiyo jukwaani.

"Simba, mwanangu," mzee akamwambia Baba Watoto. "Na hakurusha kitu." Akamaliza chai, akataja bei ya mrija, bei ya boza, na akaongeza debe la mayai.

Banda sasa lina wavu wa waya ubavuni na juu, na vifaranga hawatoki mpaka wakomae. Mwewe yupo nguzoni, mnene. Shemeji amerudi kwake na manati yake. Kama nawe unafuga kuku, na una shemeji aliyewahi kuishi Tabora, nunua wavu kabla hajafika.