Gobore halina wakili

Juni 14, 2024, majaji sita kati ya tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliiambia idara ya serikali inayosimamia silaha: kupiga marufuku kifaa cha kuharakisha ufyatuaji si kazi yenu, hiyo ni kazi ya Bunge. Wakatia na michoro ya kifyatulio ndani ya hukumu, asije mtu akabisha.

Mkulima wa Kisarawe na apelekewe nakala. Sheria ya silaha ya Tanzania ya mwaka 2015 imewakabidhi polisi kibali cha gobore lake, na polisi wa Mkoa wa Pwani makao yao Kibaha. Barua ipande, wakubwa wakae, muhuri utafutwe. Nguruwe pori hawana vikao. Wanakula mihogo yake usiku huohuo. Mkulima naye akitaka kubishana na ofisi mahakamani, mihogo ya kumlipa wakili imeshaliwa.